Punguza Mwendo Kabla ya Mteremko: Mazungumzo Kuhusu Gari-Nyumba, Mvua ya Mawe na Barafu

Tuna mazungumzo ya muda mfupi leo, lakini ni mazungumzo ya uhai.

Juzi nikitoka dukani hapa Free Area, Nakuru, mama mmoja alinisimamisha. Kijana wake anafanya kazi Kanada. Mwezi wa 12, yeye na mkewe na watoto wao wawili wamepanga kukodi gari-nyumba wazunguke nalo wakati wa likizo. Gari-nyumba mnalijua: ni gari kubwa lenye vitanda, jiko, tangi la maji na choo ndani yake. Watalii hupita nalo hapa kwetu, wengine wakielekea kupiga kambi katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, wengine wakienda Naivasha. Basi mama akaniuliza, "Mwanangu, hilo gari si ni kama lori? Na huko si kuna theluji? Nimwambie nini huyu kijana?"

Swali hilo nimelala nalo siku mbili. Nimeona kwamba jibu lake si la kijana wa Kanada peke yake. Ni la dereva wa kanta, lile lori dogo, anayebeba viazi kutoka Molo. Ni la dereva wa matatu ya Eldoret. Ni la yeyote anayepanda kutoka Nakuru kwenda Mau Summit mawingu yakiwa yametanda. Kwa hiyo leo nitamjibu mama huyo mbele yenu nyote.

Jibu lenyewe ni fupi, na nitalirudia mara nyingi hadi mlikariri: punguza mwendo kabla ya mteremko, si ndani ya mteremko. Punguza kabla ya kona, si ndani ya kona. Kwenye barafu, kazi ya dereva hufanyika kabla.

Kuna atakayeuliza: barafu huku kwetu inatoka wapi? Tuko karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Ni kweli, lakini tazama urefu wa nchi yetu. Nakuru yenyewe iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda hadi Mau Summit umepita mita 2,500, na Timboroa umepita 2,700. Kwenye kimo hicho hewa ni baridi, na wingu likijaa alasiri halileti maji peke yake, huleta mawe. Wakulima wa majani chai wa Kericho na Nandi wanaijua mvua ya mawe kama jirani mbaya anayebisha hodi kila mara. Na wengi wenu mnakumbuka Septemba 2008, kule Busara karibu na Nyahururu, mlima ulipoamka ukiwa mweupe. Watu walitoka na watoto wao kuitazama barafu hiyo na kuishika. Wengine waliiita theluji. Ilikuwa mvua ya mawe iliyoanguka kwa wingi na kushikamana, ikafunika mashamba. Lakini uiite theluji, uiite mawe, tairi la gari halijui tofauti ya majina. Linajua kushika au kuteleza.

Ngoja niwasimulie nilichokiona kwa macho yangu.

Nilikuwa kwenye matatu tukitoka Eldoret kuja Nakuru, saa tisa hivi alasiri. Tulikuwa tumeipita Timboroa. Mvua ilianza ya kawaida, kisha paa likaanza kupiga kelele kama mtu anayemwaga mahindi makavu kwenye sufuria. Dakika tano tu, na lami haikuonekana tena. Dereva wetu, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alitoa gari nje kabisa ya barabara, akawasha taa za hadhari, akasema, "Hapa tunangoja." Vijana wawili wa nyuma walilalamika kwamba wamechelewa. Hakuwajibu.

Kelele zilipopungua nilishuka. Mawe yalikuwa ya ukubwa wa punje za mahindi, yamelaliana kama vidole vitatu kwenda chini. Nilikanyaga, na kiatu kikaondoka peke yake. Niliinama nikayasukuma mawe kwa mkono, nikaona kwa nini: chini yake kulikuwa na maji yanayotiririka, na juu ya maji mawe yanabingirika. Basi fikiria unatembea juu ya njugu zilizomwagwa kwenye sakafu iliyolowa.

Hapo nyuma yetu kanta moja yenye viazi ikaamua kuendelea. Dereva alikanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka palepale, yakasaga mawe hadi yakawa uji wa kijivu, na sehemu ya nyuma ikaanza kuondoka polepole kuelekea mtaroni. Jambo ambalo sijalisahau ni ukimya. Kwenye lami kavu, gari likifunga breki matairi hulia, na kila mtu husikia hatari inakuja. Kwenye barafu matairi hayalii. Gari zito linaondoka kando kimya kabisa, kama mtumbwi uliokatika kamba. Kwa bahati njema, ukingo wa udongo uliizuia. Tanboi, yaani msaidizi wa dereva, akashuka na sufuria, akawa anachota udongo wa kando na kuumwaga mbele ya magurudumu.

Sisi tulingoja kama dakika 40. Jua likatoka, mawe yakayeyuka, tukaondoka. Wale vijana wawili hawakusema neno hadi Nakuru.

Sasa tuulizane. Kwa nini barafu inamshinda dereva hodari? Si nguvu za injini zinazopungua. Si breki zinazoharibika. Kinachopungua ni mshiko wa tairi kwenye barabara.

Weka kiganja chako mezani. Eneo la tairi linalogusa barabara halizidi sana kiganja hicho. Gari zima, na watu wote waliomo, vimeshikiliwa na ardhi kwa viganja vichache tu vya mpira. Mshiko huo ni kama mshahara. Mshahara mmoja unalipa kodi ya nyumba, chakula na karo. Vivyo hivyo mshiko wa tairi unagharimia kazi tatu: kuondoa gari, kulisimamisha, na kulikata kona. Kwenye barabara kavu mshahara ni mnono. Unaweza kufunga breki kidogo huku ukikata kona, na ukabaki na akiba. Kwenye barafu mshahara umekatwa. Sheria za barabarani za Uingereza huwaonya madereva kwamba kwenye barafu gari linaweza kuhitaji umbali mara 10 kuliko kwenye barabara kavu ili lisimame. Mara kumi! Ukifunga breki huku ukizungusha usukani, unatumia mshahara huo mdogo kulipa madeni mawili kwa wakati mmoja. Hautoshi. Gari halisimami, na kona halikati.

Ndiyo maana narudia: punguza kabla. Gari likiwa bado limenyooka, mguu uwe mwepesi, mwendo ushuke, kisha achia breki, ndipo uzungushe usukani polepole. Kazi moja kwa wakati mmoja.

Kijana wetu wa Kanada ajue pia kwamba barafu ya huko ina ujanja ambao mvua yetu ya mawe haina. Mawe yetu ni meupe, unayaona. Huko kuna barafu nyembamba inayoganda juu ya lami kama kioo, na kwa kuwa inapitisha rangi ya lami, dereva huona barabara iliyolowa tu. Wao huiita barafu nyeusi. Hukaa mahali pa kivuli, na hutangulia kuganda juu ya madaraja, kwa sababu daraja hupigwa na baridi juu na chini, lakini barabara ya kawaida imelalia ardhi yenye joto kidogo. Tena, barafu iliyo karibu kuyeyuka huteleza kuliko ile iliyoganda kwa baridi kali. Kwa hiyo asidanganyike siku jua likitoka kidogo. Barabara ikionekana imelowa, na kipimajoto cha gari kinaonyesha nyuzi sifuri au karibu na hapo, ahesabu kwamba ni barafu mpaka athibitishe vinginevyo.

Tuje kwenye gari-nyumba lenyewe. Mama aliuliza, si ni kama lori? Mama, umeona mbali. Linafanana na lori kwa uzito na urefu wake, lakini anayeliendesha mara nyingi ni mtu aliyezoea gari dogo la nyumbani. Hatari huanzia hapo.

Kwanza, uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukijaza tangi la lita 100, umeongeza kilo 100, sawa na mtu mnene anayehama kiti kila unapofunga breki. Waulizeni akina mama waliowahi kubeba ndoo ya maji kichwani: ndoo iliyojaa nusu husumbua shingo kuliko iliyojaa kabisa, kwa kuwa maji yanacheza. Kwa hiyo kabla ya kuingia njia ya barafu, punguza mizigo isiyo na kazi, mwaga maji machafu mahali panaporuhusiwa, na vitu vizito viweke chini, katikati ya gari, wala si juu ya kabati.

Pili, urefu. Gari-nyumba lina ubavu mpana kama ukuta. Upepo wa kando ukilipiga kwenye barabara kavu, matairi hulishikilia. Ukilipiga kwenye barafu, linahama. Ukitoka nyuma ya kilima au ukipishana na trela, shika usukani kwa mikono miwili na uwe umeshapunguza mwendo. Kabla, ndugu yangu. Kabla.

Tatu, magurudumu yanayovuta. Magari-nyumba mengi ya Ulaya huvutwa na magurudumu ya mbele, huku vitanda, matangi na mizigo viko nyuma. Likipanda mlima, uzito unaegemea nyuma zaidi, na magurudumu ya mbele yanayotakiwa kuvuta yanabaki mepesi. Yanazunguka bure. Dereva akikanyaga mafuta zaidi, yanazunguka bure zaidi. Dawa ni kuondoka kwa gia ya pili, kwa mafuta kidogo kabisa, na kupanda kwa mwendo mmoja bila kusimama katikati ya mlima. Kabla ya kuanza kupanda, ngoja aliye mbele afike juu. Ukianza nyuma yake naye akikwama, umekwama wewe pia.

Nne, abiria. Kwa kuwa gari lina kitanda, mtoto atataka kulala safarini. Kwa kuwa lina jiko, mtu atataka kuchemsha maji ya chai. Hapana. Gari linapotembea, kila mtu awe kwenye kiti chenye mkanda, na mkanda umefungwa. Tangu sheria za waziri Michuki za mwaka 2003 sisi Wakenya tunalijua hili kwenye matatu. Gari-nyumba lisitusahaulishe.

Sasa tuteremke. Hapa nataka msikilize kwa masikio yote, kwa sababu nyote mnaijua miteremko yetu.

Salgaa, Migaa, Sachangwan. Majina haya hayatamkwi Nakuru bila mtu kukumbuka jamaa yake. Sachangwan, Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Migaa, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana, watu 36 wakapoteza maisha. Na ng'ambo ya Mau Summit, kwenye barabara ya Kericho, pale njia panda ya Londiani, jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori liliwaparamia watu na magari kando ya barabara, na wenzetu zaidi ya 50 hawakurudi nyumbani. Sisemi kwamba barafu ndiyo iliyoua. La. Nasema kwamba gari zito kwenye mteremko ni jambo ambalo sisi tumelilipia kwa machozi hata lami ikiwa kavu. Ongeza barafu hapo, na ufikirie.

Kuna madereva wenye tabia ya kuteremka na fri, yaani kuondoa gia na kuliacha gari lijiendee ili kuokoa mafuta. Unaokoa mafuta ya shilingi ngapi, ndugu? Gari lililo kwenye fri halina injini ya kulizuia. Limebaki na breki peke yake, na breki zikitumika mfululizo hupata moto na kulegea. Kwenye barafu ni hatari zaidi, kwa sababu breki ikikamata gurudumu, gurudumu husimama lakini gari huendelea kuteleza.

Njia iliyo salama ni ile wazee wa malori waliyowafundisha vijana wao: teremka kwa gia ambayo ungepandia. Na gia hiyo ichague juu, mahali pa tambarare, kabla ya pua ya gari kuinama. Ukiichagua katikati ya mteremko wa barafu, kule kuachia klachi kwa ghafla kunaweza kuyafunga magurudumu yanayovuta na kulizungusha gari. Umesikia tena neno letu? Kabla.

Na umbali kati yako na aliye mbele? Kwenye barabara kavu, tunafundishwa kuacha angalau sekunde mbili. Gari la mbele likipita mlingoti, hesabu: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, kisha nawe ufike mlingoti. Kwenye barafu, mbili hizo zizidishe mara kumi. Najua mtasema, "Nikiacha nafasi hiyo, matatu tatu zitajaa mbele yangu." Acha zijae. Rudi nyuma tena. Nafasi si mali uliyoibiwa, ni muda wa kufikiri.

Je, gari likianza kuteleza licha ya yote hayo? Ondoa mguu kwenye mafuta. Usifunge breki kwa hofu. Tazama mahali unapotaka kwenda, si mtaro unaouogopa, kwa kuwa mikono hufuata macho. Nyuma ya gari ikihamia kulia, usukani nao uelekeze kulia kwa upole, na ikirudi, urudishe. Mbele ikikataa kukata kona, usizidi kuuzungusha usukani; urudishe kidogo, mwendo upungue, matairi yashike tena. Kama ni lazima usimame, na gari lina breki zinazojizuia kujifunga, zikanyage imara na usiachie, hata ukihisi kanyagio linatetemeka. Kutetemeka huko ndiko kufanya kazi kwake. Na kile kifaa cha kushikilia mwendo bila mguu, kizime kabisa siku ya barafu na hata siku ya mvua kubwa.

Sasa tuongee kuhusu matairi, maana hapa kuna pesa, na pesa huleta ubishi. Hapa kwetu tunanunua tairi kwa bei na ukubwa. Kwenye nchi za baridi wananunua pia kwa majira. Mpira wa tairi la kiangazi hukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, ukawa kama soli ya kiatu cha zamani. Tairi la majira ya baridi lina mpira laini unaobaki mlegevu kwenye baridi, na mikato midogomidogo inayouma theluji. Lina alama ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Ujerumani na Austria, sheria inadai matairi ya majira ya baridi barabara zikiwa na theluji au barafu. Kijana wetu akikodi gari-nyumba, asiulize kwanza kama kuna televisheni. Ainame, atafute alama hiyo kwenye matairi yote. Aulize kama kuna minyororo ya matairi, na kama ipo, ajifunze kuivika mchana, mahali pakavu, kwenye magurudumu yanayovuta. Usiku wa dhoruba, vidole vikiwa vimekufa ganzi, si wakati wa kusoma maelekezo.

Na sisi hapa? Minyororo hatuihitaji. Lakini tairi lenye kipara halifai hata kwenye umande. Nenda kwa fundi wako wa tairi hapo kando ya barabara kuu, muulize akwambie ukweli. Mafundi hawa huweka kidole kwenye mikato ya tairi na kukujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Nataka pia kugusia kulala ndani ya gari, kwa sababu kuna hatari isiyo na magurudumu. Gesi ya kupikia ni ya aina mbili kuu. Butani hushindwa kugeuka mvuke baridi ikifika karibu nyuzi sifuri, na familia ikaamka jiko limezima. Propani huendelea hata kwenye baridi kali sana, na ndiyo inayofaa majira hayo. Theluji ikianguka usiku, asubuhi hakikisha haijaziba bomba la moshi la gari wala matundu ya hewa ya kipasha joto. Na paa lifagiliwe kabla ya kuondoka, maana bamba la barafu likiteleza kutoka kwenye paa la gari refu, linaweza kumwangukia dereva wa nyuma kwenye kioo.

Na hapa Molo na Timboroa, baridi ya usiku isikushawishi kuingiza jiko la makaa ndani ya kabini au gari la kulala. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Mtu analala akiota joto na haamki. Narudia kwa anayesikiliza akiwa amelisogelea jiko sasa hivi: jiko la makaa halilali ndani. Jifunike blanketi mbili.

Lakini je, Mkenya anaweza kuizoea barafu? Anaweza. Philip Boit ni mtu wa huku kwetu Bonde la Ufa, wa upande wa Eldoret, aliyekuwa mkimbiaji. Alipelekwa Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji, na mwaka 1998 akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, kule Nagano, Japani, kwenye mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, namba 92, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mwishoni akamkumbatia. Ninachokipenda mimi ni kwamba alifika. Wengine walioanza naye hawakumaliza. Alijifunza mguu wake unashika wapi na unateleza wapi, akaenda kwa kipimo hicho. Dereva naye afanye hivyo. Siku ya kwanza ya kukabidhiwa gari-nyumba, atafute uwanja mtupu unaoruhusiwa, aende mwendo wa mtu anayetembea, afunge breki, aone gari linasimama wapi. Atashangaa. Afadhali ashangae uwanjani kuliko kwenye daraja.

Wasikilizaji wapenzi, tuna msemo kwamba ajali haina kinga. Mara nyingi tunausema kufarijiana, na kufarijiana ni kwema. Lakini tusiufanye kuwa leseni ya uzembe. Barafu ina kinga, ila kinga yake ina wakati wake. Iko juu ya mlima, si katikati. Iko kwenye barabara iliyonyooka, si ndani ya kona. Iko kwa fundi wa tairi, si kwa mganga wa mifupa. Iko jioni unapotazama mawingu na kuamua kwamba safari ni ya kesho.

Na hapo ndipo namrudia mama yetu wa Free Area. Mama, ukimpigia kijana simu, mwambie haya machache. Mizigo mizito iwe chini. Matairi yawe ya baridi. Nafasi iwe kubwa. Gia ichaguliwe juu. Kila mtu na mkanda wake. Na mwendo upunguzwe kabla.

Kisha mwambie jambo moja la mwisho. Dereva wa matatu hukimbia kwa sababu abiria wanalalamika. Dereva wa lori hukimbia kwa sababu mwenye mzigo anapiga simu. Mwingine hukimbia kwa sababu giza linaingia na kwake ni mbali. Lakini anayeendesha gari-nyumba ana kitanda nyuma yake, ana chakula, ana maji, ana blanketi, na watoto wake wako palepale. Ni kama kobe, nyumba anatembea nayo. Dhoruba ikija, atafute mahali salama pa kuegesha, mbali na barabara, azime injini, awapikie watoto uji.

Hana pa kukimbilia. Amekwisha fika nyumbani.